Bitana ya Kabati

Fundi wa rangi alisimama mlangoni mwa jiko langu, hata ndani hakuingia. Akazungusha macho mara moja kama mtu anayetafuta pa kutundika kofia, kisha akasema: "Dada, andaa galoni tatu."

Galoni tatu ni lita 12. Jiko lenyewe ukisimama katikati ukanyoosha mikono, mkono mmoja unagusa kabati na wa pili unagusa friji. Nikamuuliza, fundi, galoni tatu za nini? Akajibu, za makabati, na zikibaki tutagusa na ukuta. Ukuta sikuwa nimeutaja.

Mimi kazi yangu ni cherehani. Miaka mingi sasa nashona magauni, sare za shule na suruali za watu wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Mtu akiniletea kitambaa, kabla sijafungua mdomo kusema kinatosha au hakitoshi, mkono unakwenda kwenye futi. Sijawahi kumtazama mteja kwa mbali nikamwambia lete mita tisa. Ningefanya hivyo, barazani pangekuwa patupu ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo ile "galoni tatu" iliniuma zaidi kwa sababu ya ufundi wangu kuliko pesa yangu, ingawa na pesa iliuma.

Galoni yenyewe nayo ni kioja. Ya Mwingereza ni lita 4.546, ya Mmarekani ni lita 3.785, na ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar ni kopo la lita 4 kamili. Hatukumfuata huyu wala yule. Bei sitaandika, maana ukija kusoma mwezi ujao itakuwa imeshapanda utaniona mwongo.

Makabati yangu ni ya paini, mbao za Mafinga, kazi ya seremala mmoja wa Keko. Milango ni ya paneli, ile yenye fremu na ubao wa kati uliochongwa pembeni. Yalipokuja yalikuwa yamepigwa vanishi ya rangi ya strungi, yananukia, watu wakaja kuyatazama. Miaka tisa ya vitumbua na samaki wa kukaanga ikapita juu yake. Kuzunguka vishikio pakawa peusi na kunata, na mlango wa chini ya sinki ukaanza kuchubuka vanishi kama mtu aliyeungua na jua. Kuvunja na kutengeneza mapya nilipiga hesabu nikaiacha njiani. Rangi ndiyo iliyokuwa ndani ya uwezo.

Usiku ule watoto walipolala nikachukua daftari langu la vipimo, lile lenye kifua, kiuno na nyonga za nusu ya mtaa, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu "Kabati", nikaanza kumpima kama mteja.

Milango ya chini ipo 7, kila mmoja sentimita 45 kwa 70. Ukizidisha 0.45 kwa 0.70 unapata mita za mraba 0.315, mara saba ni 2.2. Milango ya juu ipo 6, sentimita 40 kwa 60, yote pamoja 1.44. Droo 3, sentimita 45 kwa 15, jumla 0.2. Nikajumlisha: mita za mraba 3.85. Kopo la rangi ya mafuta nililokuwa nimelisoma dukani lilisema lita moja inapaka mita za mraba 10 hadi 12. Mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, juu ya 3.85 ni 7.7. Hata lita moja haifiki! Nikacheka peke yangu gizani. Galoni tatu, kumbe hitaji ni kopo moja dogo.

Nilikuwa nimeshalala ndipo nikakumbuka bitana.

Ukishona koti ukanunua kitambaa cha nje peke yake, umeshona nusu ya koti. Mlango wa kabati nao una ndani. Kila unapoufungua kuchukua chumvi, ndani ndiko kunakokutazama, na ukiuacha ndani na vanishi ya strungi huku nje kijani, utafanana na mtu aliyevaa shati jipya juu ya fulana iliyotoboka. Nikawasha taa tena. Ndani ya milango yote, droo nikiziacha, ni mita za mraba 3.65 nyingine.

Halafu pindo. Ubao una unene wa sentimita 2, na hizo sentimita 2 zinauzunguka mlango mzima. Mzunguko wa mlango wa chini ni mita 2.3, wa juu mita 2, wa droo mita 1.2. Zidisha kwa idadi yake, jumlisha: mita 31.7 za pindo. Nilirudia hesabu mara mbili kwa kutoamini. Gauni la bibi harusi lenye marinda ya kuburuza halifiki huko. Kwa eneo ni kama 0.63 tu, kitu kidogo, lakini ndipo brashi inapotembea polepole kuliko pote na ndipo ubao unapokunywa rangi kuliko pote. Pale ulipokatwa kwa msumeno, ncha za nyuzi za mti ziko wazi kama mirija.

Kisha mwili wa kabati: ile fremu inayobaki ukishang'oa milango, nilipima kama mita 22 za ubao wa sentimita 5, hiyo ni 1.1. Ubavu wa kabati la chini na wa lile la juu, yale yanayoonekana ukiingia, 0.69. Ubao wa chini kabisa unaopigwa mateke na ufagio, 0.32. Jumla kuu ikaja mita za mraba 10.2 na kidogo.

Sasa ona. Hesabu ya kwanza ilisema 3.85, ya pili ikasema 10.2, na jiko ni lile lile. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "jiko langu ni dogo, nipe makadirio ya rangi", namwuliza milango ni mingapi na utapaka ndani au hutapaka. Ukubwa wa jiko hauna habari. Jiko kubwa lenye rafu wazi linaweza kumaliza rangi kidogo kuliko kijijiko chenye vimilango kumi na vitano. Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa fundi. Yule kazi yake ya kila siku ni kuta, na ukuta unaupima kwa jicho: urefu, kimo, toa dirisha. Jicho lililozoea kuta likiingia jikoni linaona chumba. Mimi nilikuwa naona nguo.

Mikono miwili juu ya 10.2 ni 20.4. Kwa lita moja kila mita 10, ni lita 2 na tone. Nikaandika 2, nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu. Huo mstari mwekundu nitaurudia.

Hiyo kumi kwa lita si ya kichawi. Mimina lita moja juu ya mita za mraba 10, uitandaze sawasawa, na unene wake utakuwa sehemu ya kumi ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene huo huo. Yaani unavalisha kabati karatasi moja ya rangi mbichi. Kisha kile kimiminika kinachoifanya iteleze kinapaa hewani, na kinachobaki kimekauka ni kama nusu ya karatasi. Mikono miwili ikikauka ndiyo inarudisha karatasi moja nzima, na hiyo ndiyo itakayopambana na mvuke wa wali kwa miaka. Ndiyo maana ukiona mtu anaongeza thina mpaka rangi inakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, usifurahi kwamba itafika mbali. Itafika kweli. Ni kama kitambaa cha bei rahisi chenye upana mkubwa, ukikiinua kwenye mwanga unaona mtaa wa pili.

Tukakubaliana na fundi: vifaa nanunua mimi, yeye ufundi. Akasema, "Sawa dada, ila ikipungua usiniite mwizi." Nikamjibu haitapungua.

Tulianza mwezi wa saba. Masika yalikuwa yameshapita, kipupwe kimeingia, hewa ina nafuu. Rangi ya mafuta wakati wa masika hapa Dar inakaa inanata kama kashata iliyoharibika, na wadudu wanakuja kujiandikisha juu yake. Milango tukaing'oa yote. Fundi alitaka kuipanga tu ukutani, nikamkatalia. Nikabandika kipande cha tepu ya karatasi mahali pa bawaba, kila mlango na namba yake, na namba hiyo hiyo nikaiandika ndani ya kabati. Bawaba na skurubu zake kila mlango kwenye kimfuko chake. Alinicheka sana. Siku ya kurudishia hakucheka, maana milango ya seremala wetu ukiipima kwa makini hakuna miwili inayolingana.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa mafuta. Fundi alishika msasa aanze kusugua pale pale. Nikasema mbao hizi zina miaka tisa ya vitumbua, zioshwe kwanza. Akasema msasa utaondoa. Msasa hauondoi mafuta, unayasukuma ndani ya ubao na wenyewe unaziba, dakika mbili umekuwa laini kama karatasi ya daftari. Halafu rangi ikipita juu ya mafuta inakimbia, inaacha vitobo vya mviringo kama macho ya dagaa. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua mlango mmoja mbele yake. Yale maji yalivyotoka nitayaacha, mnaweza kuwa mnakula. Fundi aliyatazama akashika dodoki akaendelea na mlango wa pili.

Baada ya kukauka, msasa namba 120 kuvunja mng'ao wa vanishi, kisha 220 kulainisha, halafu kitambaa chenye unyevu kufuta vumbi. Kabati langu lilikuwa na vanishi tu. Lako likiwa na rangi ya mafuta ya zamani, hasa njano, nyekundu au kijani, usilisugue kavu ndani ya nyumba. Rangi nyingi za aina hiyo zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wale wa Gigiri pale Nairobi, pamoja na Shirika la Afya Duniani, wanapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, lakini kopo la zamani haliko tena kwamba utalisoma. Lowesha ubao, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto waende kwa bibi yao.

Kisha vifundo. Paini ina vifundo, yale macho ya kahawia mahali tawi lilipoota, na jicho la paini halilali. Lina utomvu, na utomvu ukipata joto la jiko unapanda polepole mpaka unatokeza juu ya rangi kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Nilikuwa nimeliona hilo kwa jirani, kabati jeupe zuri, baada ya miezi kadhaa likatoka madoa ya njano kana kwamba lina ugonjwa. Dawa yake ni shelaki, ule utomvu wa kijidudu cha India unaoyeyushwa kwenye spiriti. Unapaka juu ya kila kifundo, unasubiri kama saa moja, unarudia. Nilihesabu vifundo 43. Fundi alisema kwa miaka yake yote hajawahi kupewa kazi ya kupaka mtu dawa ya macho 43.

Praima, ile rangi ya kutangulia inayoshika ubao, nilinunua lita 2. Mkono wa kwanza ubao uliinywa kwa kiu, hasa yale mapindo, na hapo ndipo nilipaswa kusikia kengele. Kopo linaposema mita 10 hadi 12, linazungumza juu ya uso laini usionyonya kitu, mkono wa mtu asiyedondosha, rola isiyobaki na kitu tumboni. Rola mpya peke yake inameza rangi kabla haijapaka hata inchi, na ile iliyobaki kwenye trei na kwenye nywele za brashi hakuna anayeirudisha kwenye kopo. Tena paneli zangu zina michoro, na michoro ni marinda: ukiipima kwa futi juu juu unapata upana mmoja, ukiikunjua ni mwingine. Mimi, wa kusahau marinda!

Rangi niliyochagua ni kijani cha jani la mkorosho lililokomaa, ya mafuta, yenye mng'ao wa wastani. Kijani hicho hakipo kwenye makopo ya kawaida. Unachagua kwenye kadi, muuzaji anaweka kopo lenye rangi ya msingi chini ya mashine, mashine inadondosha vitone, kopo linatikiswa, unalipa. Lita 2, kama daftari lilivyosema.

Mkono wa kwanza ulikwenda vizuri. Fundi, niseme haki yake, ana mkono. Anaanza na michoro kwa brashi, anamaliza bapa kwa karola kadogo ka sponji, na brashi ya mwisho inapita kufuata nyuzi za ubao ikiwa karibu kavu, haiachi mstari. Siku ya pili mkono wa pili. Majira ya saa tisa alasiri nikasikia brashi inakwaruza chini ya kopo. Ile sauti kila mtu anaijua, ni kama mwiko kwenye sufuria ya ugali.

Fundi hakusema kitu. Aliinamisha kopo nilione.

Ilikuwa imebaki milango miwili ya chini, pande zote.

Nikapanda bodaboda mpaka dukani. Kijana aliyenichanganyia hakuwepo, yupo mwingine. Namba ya rangi nilikuwa nayo, imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo, kwa hiyo nikatulia. Namba ni ile ile, kampuni ile ile, mashine ile ile. Akachanganya lita moja, akapaka tone juu ya kifuniko kunionyesha, nikasema sawa. Saa kumi na moja fundi alikuwa amemaliza, nikamlipa, tukaagana vizuri, nikaacha milango ikauke wazi usiku kucha, na siku ya tatu tukairudishia.

Niligundua jioni, nilipowasha taa. Milango miwili ilikuwa kijani. Mingine yote pia ilikuwa kijani. Lakini haikuwa kijani kimoja.

Tofauti ni ndogo, mgeni haioni. Ile miwili ina ukijivu kidogo, kama jani lilelile likitazamwa siku ya mawingu. Mashine haikukosea sana. Tone likizidi kidogo huku, rangi ya msingi ya kopo la pili ikitoka kwenye mchanganyo mwingine wa kiwandani kule, basi. Kilichonifanya nikae chini kwenye kigoda ni kwamba jambo hili mimi nalijua. Hakuna mshonaji anayekata gauni moja kutoka majora mawili. Lebo zitafanana, namba zitafanana, muuzaji ataapa kwa wazazi wake, na ukishona mkono wa kushoto kwa jora hili na wa kulia kwa lile, harusini chini ya taa watu wote watauona mkono wa kulia. Wanafunzi wangu nawafukuza barazani kwa kosa hilo.

Ningenunua lita 3 siku ya kwanza, nikazimimina zote kwenye ndoo moja safi nikazikoroga kabla brashi haijagusa kitu, yasingetokea. Nilivyopiga hesabu baadaye, kazi nzima ilikula lita 2 na kitu kidogo, yaani kidogo tu zaidi ya ile iliyopigiwa mstari mwekundu. Siku hizi ndivyo nakadiria: eneo halisi mara idadi ya mikono, gawa kwa 10, ongeza robo, kisha panda hadi lita kamili ya juu. Kwa galoni tatu za fundi ningebaki na zaidi ya lita 9 uvunguni. Alikosea mara tano na ushee. Mimi nilikosea chini ya robo lita, na kosa langu ndilo lililopo ukutani.

Kilichoniuma zaidi alinionyesha fundi mwenyewe, nilipompigia simu. Hakunicheka. Alisema, "Dada, ungeniambia rangi ni kidogo, ningemaliza nje ya milango yote kwanza. Kopo jipya lingeenda ndani." Ndani. Kwenye bitana. Nikabaki nimeshika simu.

Milango miwili nilihamisha. Mmoja upo chini ya sinki, ambako kivuli cha kaunta kinausaidia. Wa pili nilijaribu kila mahali, bawaba zinakataa, mpaka ukakubali kwenye kona karibu na friji. Nimetundika aproni kwenye kishikio chake.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi uliofuata. Macho yake hayaoni vizuri, gazeti anasomewa. Aliingia jikoni, akasifu, akagusa milango ya juu kwa kiganja, akasema imekuwa kama kioo. Akavuta kiti, akakaa, akawa anachambua mchele. Nikajua nimepona.

"Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa kwenye ungo, "huu wa chini ya sinki mmeuazima wapi?"